Visiki Kumi na Tisa

"Kofia ya sita," Inspekta alisema, na Sajini akaandika.

Uyoga ulikuwa umelazwa kwenye sinia jeupe lililoazimwa kutoka jiko la kituo. Inspekta aliushika kwa kibano, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akausogeza upande wa pili wa meza. Hapo alikaa fundi saa aliyeitwa kwa kuwa anaujua uyoga, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mwenye lenzi ndogo ya kazi yake aliyoibana jichoni. Fundi aliupasua uyoga kwa wembe kuanzia kofia hadi mguu. Wote watatu wakainama kutazama. Nyama ya ndani ilikuwa nyeupe kama chaki.

Wakasubiri. Dakika mbili zilipita kwa saa ya ukutani, ambayo fundi alikwisha kuilalamikia tangu asubuhi kwamba inachelewa. Nyeupe ikabaki nyeupe.

"Andika," Inspekta alisema. "Haikubadilika rangi. Mguu umekatwa kwa kisu, mkato mmoja, hauna udongo. Shinani kuna wavu mwembamba mweupe. Chini ya kofia, sponji imekwanguliwa."

"Kama tano zilizotangulia," Sajini alisema huku akiinyoosha shingo yake. "Afande, kwani lazima zote?"

"Ziko tisa tu."

Hizo tisa ndizo zilizobaki kikapuni. Nyingine zilipikwa juzi jioni katika nyumba ya seremala mmoja. Saa moja baada ya kula, seremala alianza kutapika, akatapika hadi alfajiri, akabebwa hospitali. Mkewe hakuwa amekula. Tumbo la ujauzito lilikuwa limemkinaisha kila chenye harufu. Uyoga ulitoka kwa mama mkwe wa seremala, mama anayechuma uyoga msituni na kuuza sokoni, ambaye mji mzima unamwita Mama Kofia. Dada wa seremala alifika kituoni kabla jua halijachomoza, akasema wazi: mama mkwe hakumpenda kaka yangu tangu siku ya posa, sasa kamlisha sumu. Mama Kofia akawekwa mahabusu. Kesho saa tatu asubuhi angepandishwa mahakamani kwa shitaka la kujaribu kuua.

"Tatizo letu ni huku kukwangua," fundi alisema. Alipitisha ncha ya kibano chini ya kofia, mahali palipokuwa laini na patupu. "Uyoga wa ukoo huu hauna zile kurasa nyembamba mnazozijua. Una sponji, na sponji ina matundu maelfu. Rangi ya matundu ndiyo sura yake. Meupe, ya njano, ya waridi, mekundu. Ukishaikwangua, umeondoa sura."

"Yaani tumeletewa maiti tisa hazina vichwa," Sajini alisema.

"Vichwa vipo. Hazina vitambulisho."

Inspekta akaisogeza kofia ya saba. Kwa juu haikutofautiana na nyingine: kahawia, nene, laini kama ngozi ya kiatu kilichopigwa kiwi. Fundi akapitisha wembe.

Hakuna aliyehesabu dakika. Chini tu ya ngozi ya kofia palitokea mstari mwembamba wa bluu, kama tone la wino kwenye karatasi iliyolowa. Mstari ukapanuka. Ukashuka shinani, ukajaza nusu zote mbili, bluu ya anga kwanza, kisha bluu nzito, kisha karibu nyeusi, na yote hayo yalifanyika mbele ya macho yao kwa muda wa mtu kuvuta pumzi nne. Sajini alikuwa ameshasimama. Kalamu yake ilibingirika hadi ukingoni mwa meza na hakuiokota.

"Sumu hiyo!" alisema. "Sumu hiyo, Afande, mchana kweupe!"

"Bluu siyo sumu," fundi alisema taratibu. Hakuondoa jicho kwenye lenzi. "Ni hewa inagusa maji ya ndani, kama tofaa lililomenywa linavyogeuka. Kuna wa bluu watu wanaupika wanakula wanalala. Na kuna uyoga mweupe pee ambao ukiula hufiki Jumapili."

"Basi tuandike si sumu."

"Sikusema hivyo pia."

Inspekta aliyaandika majibu hayo yote mawili, neno kwa neno, katika daftari lake mwenyewe. "Haya umejifunzia wapi?" aliuliza.

"Tumboni, Afande. Kibanda changu kiko pale posta, natengeneza saa, nani atanifundisha uyoga? Nilitapika mara mbili kwa ajili ya elimu. Mara ya tatu nikaona afadhali ninunue daftari. Sasa ninayo saba, na miaka kumi na minane, na bado kuna uyoga nikikutana nao naupisha njia kama mkubwa wangu."

Inspekta akauinua mguu wa kofia ya saba. Akautazama kwa muda mrefu. "Huu haukukatwa."

Kweli. Mwisho wa mguu ulikuwa mnene, umechanika, na umeng'ang'ania bonge la udongo mweusi. Katika udongo ule sindano za msonobari zilikuwa zimenasa. Fundi akaigeuza kofia, akapitisha lenzi ukingoni, pale ambapo ngozi hujikunja na kisu hakifiki vizuri. Mkono wake ukakoma pale pale. Kisha akaivua lenzi, akampa Inspekta.

Inspekta aliibana jichoni. Ukungu ukatoweka, na ukingo wa kofia ukamjia mkubwa kama ukingo wa barabara. Chini ya mkunjo palibaki utepe wa sponji usiozidi upana wa uzi. Matundu yalipangana ubavu kwa ubavu, kila moja mviringo wake, kila moja mdomo wake, na midomo yote ilikuwa myekundu. Kitu kidogo kiasi hicho, kilichofichwa mahali ambapo hata mdudu angepita bila kuangalia, kilikuwa kimechorwa kwa uangalifu kuliko saini yoyote iliyokuwa kwenye jalada.

"Nyekundu," alisema hatimaye.

"Nyekundu," fundi alikubali. "Hiyo, ya bluu na mdomo mwekundu, mimi siipiki. Mwingine anaipika saa nzima na kumwaga maji, anapona. Mwingine anaikaanga harakaharaka, na ule usiku hatausahau."

Kofia ya nane na ya tisa zilikuwa nyeupe ndani, zimekatwa kwa kisu. Inspekta alipiga mstari chini ya orodha. Nane zimekatwa, moja imeng'olewa. Nane nyeupe, moja bluu.

"Mikono miwili," alisema.

"Au mkono mmoja wenye hila," Sajini alisema. "Anakata nane, anang'oa moja ili tuseme hivyohivyo unavyosema, Afande. Njia ya mwongo ni fupi."

"Na ya mkweli imejaa miba. Tukamuulize."

Mama Kofia alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, miguu imepangwa pamoja, ndala za mpira zimekaa sawasawa kama zimepimwa kwa rula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mkwe wangu anaendeleaje?"

"Ameanza kunywa maji na yanakaa. Daktari anasema atapona."

Mama Kofia alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Mungu mkubwa."

"Ulichuma kofia ngapi siku ile?"

"Nimeshasema mara tatu. Ishirini na mbili. Mimi huhesabu nikikata, sihesabu nyumbani."

"Wapi?"

"Hilo sikwambii."

Sajini alicheka kwa pua. Inspekta hakugeuka. "Mama, kesho saa tatu unakwenda kwa hakimu. Shitaka lenyewe lina miaka mingi ndani yake."

"Nimesikia. Pale alinionyesha mama yangu, mwaka aliofariki. Na mimi nitamwonyesha binti yangu siku nitakayochoka kupanda. Nikikwambia wewe, utaandika. Ukiandika, watasoma. Mwaka kesho patakuwa uwanja wa mpira."

Inspekta hakurudia swali. Alitoa chupa ya kioo mfukoni, ndani yake nusu moja ya kofia ya saba, nyeusi kwa bluu. Mama Kofia aliipokea kwa mikono miwili. Hakuangalia rangi. Aliangalia mguu.

"Mimi sing'oi," alisema. "Unakata, unaacha kisiki, unafunika majani. Yule mzazi aliye chini asijue kama ameibiwa. Huyu mtu kang'oa kama anang'oa magugu."

"Mtu gani?"

Mama Kofia aliirudisha chupa. "Mkwe wangu yuko kitandani. Mtu na mkwewe hawasemani ovyo, mwanangu. Hata polisi mna wakwe."

"Swali la mwisho. Sponji unaikwangua wapi?"

"Hukohuko. Mzigo unakuwa mwepesi, na ile sponji ikipata joto inaozesha kikapu chote."

"Kila mara?"

"Miaka yote."

"Kwa hiyo nyumbani kwa binti yako, hakuna aliyewahi kuona uyoga wako ukiwa na sponji?"

 Vidole vya Mama Kofia vilishika ukingo wa benchi. "Hakuna," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Hata siku moja."

Nje, Sajini alikuna kichwa. "Sijaelewa, Afande."

"Watu wa nyumba ile wanajua uyoga mzuri ni kofia ya kahawia, safi kwa chini. Ndivyo walivyouona miaka yote. Mtu wa nyumba ile akienda msituni mwenyewe, akakuta kofia ya kahawia yenye wekundu chini, atafanya nini?"

Sajini alifikiri. "Atakwangua."

"Atakwangua, ifanane."

Mahali penyewe walionyeshwa na kikapu. Fundi alichambua sindano za msonobari zilizonasa kwenye ukili wa kikapu, na zile za kwenye bonge la udongo. Zote zilishikana tatu tatu kwenye kikonyo kimoja. "Misonobari ya upande wa kiwanda cha mbao ina sindano mbili mbili," alisema. "Ya tatu tatu ipo kipande kimoja tu, mlimani juu ya tangi la maji. Imepandwa zamani, hata babu zetu waliikuta." Sajini aliachwa kituoni na simu. Inspekta na fundi wakapanda.

Ilikuwa saa tisa walipolipita tangi. Baada ya hapo sauti za mji zilikatika, kama mtu amefunga mlango nyuma yao. Misonobari ilisimama mbalimbali, minene, na chini yake sindano zilizoanguka miaka na miaka zilimeza hatua zao. Waligawana mteremko kwa kamba: hatua mbili mbili, macho chini, hakuna kuruka. Saa nzima hawakuona chochote.

"Afande," fundi aliita hatimaye, kwa sauti ya mtu aliye chumbani mwa mgonjwa. "Njoo, lakini usikanyage hapa."

Palikuwa na sehemu ndogo, pana kama sahani, ambapo sindano zililala upande mmoja. Kila mahali pengine zilianguka ovyo. Hapa zilikuwa zimetandikwa. Inspekta alipiga magoti, akazifunua kwa vidole viwili. Chini yake kilikuwepo kisiki cha uyoga, kimekatwa sawa na ardhi, mkato mmoja. Fundi alikata ubale mwembamba juu yake. Ndani kingali cheupe. Dakika mbili. Cheupe. Inspekta akachomeka kijiti chenye kitambaa, akaandika moja, akarudisha sindano mahali pake.

Cha pili kilikuwa hatua tatu mbele. Cha tatu na cha nne viliongozana kama mapacha. Kila kimoja kilifunikwa, kila kimoja kilikatwa ubale, kila kimoja kikasubiriwa dakika zake mbili, na kila kimoja kilibaki cheupe. Kwenye kisiki cha kumi na moja walikuta rundo la sponji iliyokwanguliwa, njano iliyopauka yenye ukijani, imekauka.

"Hiyo ndiyo sura yao," fundi alisema. "Sura njema kabisa."

Mahali pa uyoga uliong'olewa walipakuta hatua kama ishirini kando, karibu na ukingo wa kipande. Mashimo matano. Hayakufunikwa, udongo mweusi ulikuwa umetapakaa, na pembeni, juu ya jiwe, rundo la sponji jekundu. Fundi aliuchukua mkwanguo mmoja kwa kibano na kuuweka kwenye chupa. Inspekta alikuwa tayari anaangalia chini ya jiwe, penye unyevu, ambapo palikuwa na alama ya kiatu: kirefu, soli ya mistari, kisigino kimelika upande wa nje.

Alifungua daftari, akarudi nyuma hadi kurasa za jana, akasoma kwa sauti. "'Hospitali. Chini ya kitanda cha mgonjwa, viatu vya kazi, soli ya mistari, vimelika kisigino upande wa nje. Udongo mweusi, majani ya msonobari.' Niliandika, kisha nikaacha. Nikasema ni seremala, anashinda na mbao."

"Kumbe mwenyewe!" fundi alisema. "Kamfuata mama mkwe, kaona anapokata, kachuma za kwake, katia kikapuni. Alitaka sifa tu, maskini. Mkwe gani hataki kusifiwa?"

"Viatu vimefika hapa. Miguu iliyokuwa ndani bado siijui."

"Lakini wewe unaijua, Afande."

"Naidhani. Kesho nitachukua umbo la alama hii, nikamwombe daktari dakika tano na mgonjwa." Alifunika alama kwa karatasi ya nailoni, akaweka mawe pembeni. "Na kuna jambo zito zaidi. Tumepata visiki vingapi?"

Fundi alihesabu vitambaa. "Kumi na tisa."

"Mama alisema ishirini na mbili. Nikienda na kumi na tisa, mwendesha mashtaka atauliza swali moja tu: tatu nyingine zilikuwa za rangi gani? Mtu aliyezikata kwa mkono wake, akazikwangua kwa mkono wake. Sitakuwa na jibu."

Walitafuta tena. Mwanga ulikuwa umeanza kulainika, na kila kivuli kilifanana na kofia. Walirudia mistari yote ya kamba. Hakuna.

Ndipo Inspekta alipopanda juu ya jiwe kunyoosha mgongo, akageuka kuutazama mteremko. Akabaki hivyo.

"Fundi. Panda hapa."

Kutoka juu, vile vitambaa kumi na tisa havikuwa vimetapakaa. Vilijipanga kwenye tao moja, safi, kama limechorwa kwa bikari, na katikati yake ulisimama msonobari mkubwa kuliko yote. Walikuwa wametambaa juu ya mstari ule alasiri nzima, pua chini, na hawakuuona.

Fundi alipanda, akatazama. Kisha alishuka, akaenda katikati ya kitambaa kimoja na kingine, akafunua sindano taratibu. Chini yake nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, zilipita kutoka upande mmoja hadi mwingine, zikazama ardhini, zikaibuka, zikaendelea.

"Tunachokula ni tunda," alisema. "Mwenyewe ndiye huyu. Ameshikana na mizizi ya mti, na kila mwaka anatanuka kidogo kwenda nje. Nimesoma haya. Nimeyaandika kwenye daftari la tatu. Sikuwahi kuyaona."

"Ana umri gani?"

"Sijui, Afande." Aliufunika uzi, akaacha kiganja chake juu ya sindano. "Sijui, na sidhani kama nataka kukisia."

Inspekta alilifuata tao kwa macho tangu kitambaa cha kwanza. Upande wa kushoto lilikatika ghafla, kisha likaanza tena. Pengo lilikuwa na upana wa hatua nne, na juu ya pengo lile lilikuwa limeanguka tawi moja la ule msonobari mkubwa, nene kama pipa, pamoja na matawi yake yote madogo. Alikwenda akagusa pale lilipochanika. Utomvu ulimnata vidoleni, ungali mbichi. Walijaribu kulisukuma kwa mabega, wote wawili, halikushtuka.

"Msumeno," fundi alisema, akihema. "Na watu wanne."

"Saa kumi na mbili asubuhi. Mahakama ni saa tatu."

Simu ilishika mtandao karibu na tangi. Inspekta alimwagiza Sajini kutafuta msumeno na watu, kisha akamwambia amfikishie simu Mama Kofia. Alisikia funguo, mlango, mguno wa benchi.

"Mama, samahani kukusumbua. Siku uliyochuma, lile tawi kubwa la upande wa kushoto lilikuwa juu au chini?"

Benchi liliguna tena.

"Lilikuwa juu," Mama Kofia alisema. "Kumbe limeanguka. Itakuwa ule upepo wa juzi usiku." Alivuta pumzi. "Mmefika, basi."

"Tumefika."

"Mko wangapi?"

"Wawili. Kesho asubuhi tutakuwa wengi kidogo. Hatuna namna."

"Chini ya hilo tawi nilikata tatu," alisema, kabla hajaulizwa. "Moja kubwa, mbili ndogo. Usiende kwa hakimu na hesabu pungufu, mwanangu. Kama utaandika, andika ishirini na mbili."

"Nitaandika nitakachokiona, mama."

"Sawa. Na pale utapataja?"

Inspekta alitazama nyuma. Kati ya mashina, vitambaa vyeupe vilikuwa vikionekana bado, kimoja kimoja, vikizunguka mti.

"Ripoti lazima itaje mahali," alisema. "Lakini ripoti haijaisha."

Alikaa kwenye ngazi ya tangi, akatumia mwanga uliobaki. Aliandika tarehe. Aliandika saa. Visiki kumi na tisa, vyote vyeupe, vyote vimekatwa. Mashimo matano. Alama ya kiatu, moja. Visiki vitatu, havijaonekana. Alipofika penye neno *Mahali*, aliweka nukta mbili, akapaacha patupu, akafunga daftari.